Kiambatisho cha Mwalimu Andwele

Barua pepe ilitoka saa mbili kamili asubuhi ya Jumatatu, na hakuna mtu aliyeituma. Ndivyo zilivyotoka barua zote za Chuo cha Mvuke, kule kwenye miteremko ya mlima Rungwe: mwaliko wiki tatu kabla ya kozi kuanza, ukumbusho siku saba kabla, na ukumbusho wa mwisho siku moja kabla mwanafunzi hajashuka kwenye kisima cha mvuke wa ardhini kwa mara ya kwanza. Mfumo ulijua tarehe, ulijua majina, ulijua nani analala bweni lipi. Kazi ya Subilaga, mratibu wa mafunzo, ilikuwa kuandika maneno mara moja tu, kuambatisha mafaili yanayotakiwa, kisha kuuachia mfumo uendelee wenyewe.

Barua ya Jumatatu hiyo ilikwenda kwa wanafunzi kumi na wanne. Ilibeba viambatisho vitatu: ramani ya visima, ratiba ya wiki, na mkono wa Mwalimu Andwele.

Jumanne saa nne asubuhi Subilaga alikuwa mezani na kikombe cha chai aliposikia king'ora cha kisima namba tisa. King'ora cha majaribio hulia mara moja kikanyamaza. Hiki kililia mfululizo, huku mvua ikipiga mabati, mpaka chai ikapoa. Alipotoka barazani aliona watu wanne wamebeba machela wakipanda ngazi za udongo kutoka kisimani, wakiteleza na kushikiliana. Aliyelala juu yake alikuwa ameinua mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa kugusa kitu.

"Ni nani?" Subilaga alimuuliza mlinzi.

"Yule dada wa Kyimo. Atuganile, fundi cherehani."

Subilaga alimkumbuka. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, aliyekuja kujiandikisha na vyeti vyake ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na kusema amechoka kushona sare za watoto wa wenzake, anataka kazi ya serikali.

Chini kule kisimani fundi haoni kitu. Mvuke unafunga kioo cha vazi la kinga, kelele zinaziba masikio, na mvuke ukitoka mahali usipotakiwa kuna sekunde tano za kuzungusha gurudumu la valvu na kuufunga, labda sita. Hakuna nafasi ya kukumbuka ulichosoma. Ndiyo maana zilibuniwa glavu. Mwanafunzi alivaa glavu, akafungua faili lililokuja na barua, na glavu ikaviongoza vidole vyake vile vile kama vya mwalimu vilivyokwenda siku alipokuwa akirekodiwa: wapi pa kushika, wapi pa kukaza, wakati gani wa kusubiri. Ukirudia mara kumi, mkono unajua. Mara ishirini, huhitaji tena kuufikiria. Na katika walimu wote waliowahi kurekodiwa, hakuna aliyekuwa na mikono mitulivu kama Andwele Mwakalobo, aliyefariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa moyo.

Subilaga alirudi ndani, akafungua kozi kwenye kompyuta, akaenda ukurasa wa viambatisho. Alijua anachokwenda kukikuta kabla hakijafunguka.

Kozi hii ilikuwa mpya, ya valvu mpya zilizofungwa mwaka huu katika visima vyote. Mwezi Machi aliitengeneza kwa kunakili kozi ya zamani, kama alivyofanya siku zote. Mfumo ulimuuliza: nakili pamoja na viambatisho? Akaweka tiki. Alibadilisha tarehe. Akabadilisha majina ya walimu na aina ya valvu. Ukurasa wa viambatisho hakuufungua. Na faili lililokuwa pale lilikuwa la valvu za zamani, zile zilizofungwa kwa kuzungushwa kushoto. Hizi mpya, ukizungusha kushoto, zinafunguka zaidi.

Aliliondoa faili kwenye ile barua. Haikuchukua hata dakika moja. Kisha akakaa na mikono mapajani.

*

"Nani mwingine ameuona huo ukurasa?" aliuliza Mkuu wa Chuo, Bwana Kyando. Ilikuwa Jumatano, na taarifa ya ajali ilikuwa mbele yake, kurasa mbili.

"Mimi tu, Mkuu."

"Sawa." Alivua miwani. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kumkemea mtu mbele ya mwenzake. "Nimeandika kwamba faili lililorekodiwa na marehemu Andwele lilikuwa na kosa la kiufundi. Wakaguzi wanakuja kesho kulitazama. Ijumaa saa sita mchana utalifuta kwenye ghala la mafaili, basi."

"Halikuwa na kosa. Lilikuwa la valvu nyingine. Ni mimi niliye..."

"Subilaga." Alimkatiza bila kupaza sauti. "Andwele ametangulia. Hakuna wa kumhoji, hakuna wa kumfukuza kazi. Wewe una miaka kumi na mmoja hapa. Nikiandika kwamba ofisi yetu iliambatisha faili la kozi nyingine, wakaguzi wataandika kwamba hatujui tunachowatumia wanafunzi, nao watafunga chuo. Watu mia tatu watarudi makwao bila cheti. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Marehemu haumii, mama."

Hakusema ndiyo. Ila alipotoka pale alikuwa hajasema hapana, na Bwana Kyando alijua maana yake, na Subilaga pia alijua.

Jioni ile jina la Andwele lilikuwa limekwishashuka mlimani pamoja na wafanyakazi wa zamu, na likaingia katika kila duka la Tukuyu.

*

Alhamisi kabla ya saa tatu, mlango wa ofisi uligongwa. Aliyeingia alikuwa Tusekile, mjane wa Mwalimu Andwele, amejifunga kanga juu ya koti, viatu vyake vina matope mpaka juu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa." Lakini alikaa. Subilaga akammiminia chai, naye akaipokea kwa mikono miwili, asiinywe.

"Sokoni nimeambiwa mkono wa mume wangu umemuunguza mtoto wa watu," alisema. "Muuza viazi ndiye aliyeniambia. Hata hakunitazama. Alikuwa anapima viazi huku ananiambia. Nikasema nije kwako, kwa sababu wewe ndiye unayeshughulika na hizo barua. Ni kweli?"

Subilaga alitazama mvuke wa ile chai. "Wakaguzi wanachunguza, Mama."

"Wanachunguza." Mama Tusekile aliitikia taratibu, kama anayejifunza neno. "Miaka thelathini na minane nimeishi naye. Alikuwa hafungi mlango bila kurudi kuujaribu. Mtu wa namna hiyo anakosea valvu?"

Subilaga alizipanga upya karatasi za mezani.

"Na wamesema mnalifuta faili lake."

"Kesho saa sita."

Hapo ndipo Mama Tusekile alipoweka kikombe chini. Miaka miwili nyuma, wiki tatu baada ya maziko, alikuja katika ofisi hii hii kuuliza kama ni kweli kwamba mkono wa mumewe umehifadhiwa. Subilaga alivunja kanuni siku ile. Alimwandikisha kama mwanafunzi wa kozi ya marudio, akampa glavu moja ya zamani, na kesho yake mfumo ukamtumia barua kama unavyowatumia wote: Ndugu Mshiriki, tunakukumbusha kuhusu mafunzo yako, tafadhali fungua viambatisho. Tangu hapo kila asubuhi, akishamaliza kulisha kuku, Mama Tusekile alivaa glavu, akakaa nayo dakika kumi na mbili, urefu wa faili lote.

"Niachie mimi," alisema. "Mimi sishuki kisimani. Sitamuunguza mtu."

"Haiwezekani, Mama."

"Kwa nini haiwezekani? Barua ninayo. Iko kwenye simu yangu."

Subilaga alijaribu kumweleza vizuri. Barua haikubeba mkono wenyewe. Ilibeba ufunguo tu, na mkono ulikaa ghalani, chuoni. Kila mtu aliyewahi kutumiwa barua ile, watu elfu mbili na mia sita, alikuwa na ufunguo ule ule mmoja. Mkono ukibaki kwa ajili yake, umebaki kwa ajili ya wote, na kati yao wapo mafundi wanaoshuka leo katika visima vyenye valvu mpya, ambao huenda wakaufungua kesho kujikumbusha kazi.

Mama Tusekile alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo atakufa tena," alisema, "na safari hii ataenda na jina baya."

Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

*

Mchana ule Subilaga alishuka mpaka hospitali. Hakuwa na kitu mkononi. Alisimama kwenye duka la matunda akashindwa kuchagua, akaondoka.

Atuganile alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Uso wake ulikuwa umenusurika upande mmoja tu. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwikoni na kulazwa juu ya mito, na mtu alikuwa amemwekea kanga chini yake ili maji ya vidonda yasichafue shuka.

"Wewe ndiye wa barua," alisema. "Nakukumbuka. Karibu, dada."

Subilaga alikaa kwenye ukingo wa kiti. Aliuliza hali, akaambiwa kesho wanakata vidole vitatu vya mkono wa kulia, na vya kushoto bado wanaviangalia.

"Nilikuwa naogopa kile kisima," Atuganile alisema. "Sijamwambia mtu. Ile barua ilipofika Jumatatu nikaufungua mkono wa mwalimu, na woga ukaisha. Wote. Alikuwa mtulivu mno. Nikaufungua mara kumi na moja siku ile, wenzangu wakanicheka." Alivuta pumzi. "Mvuke ulipotoka, nilimsikia msimamizi akiita kulia, kulia. Nilimsikia kabisa. Mikono ikaenda kushoto. Nilikuwa naitazama, dada, inaenda kushoto."

Muuguzi alipita na toroli, wakasubiri apite.

"Wamekuja wakaguzi asubuhi," Atuganile aliendelea. "Wameniambia mwalimu alikosea siku aliyorekodi. Mimi nimekataa. Mkono ule haukuwa wa mtu anayekosea. Au nimejidanganya?"

"Hukujidanganya," Subilaga alisema. "Mwalimu hakukosea. Ule mkono ni wa valvu za zamani, na kwa valvu za zamani ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyewatumia. Nilinakili kozi ya mwaka jana pamoja na viambatisho vyake, sikuangalia. Ni mimi, Atuganile."

Mgonjwa alimtazama. Alikuwa hawezi kujifuta machozi, na Subilaga hakuthubutu kumfuta.

"Hukulifungua hilo faili kabla hujalituma?"

"Hapana."

"Hata siku nyingine? Miaka yote?"

"Sijawahi kulifungua. Kazi yangu ilikuwa kuambatisha."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yakisikika yakimwagwa kwenye majani. Atuganile aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Nimeshona tangu nina miaka kumi na miwili," alisema. "Nilikuwa napitisha uzi tundu la sindano bila kutazama." Kisha akasema, kwa upole ule ule, "Nimekusikia, dada. Sasa nenda. Siwezi kukujibu leo."

*

Ijumaa asubuhi Subilaga aliingia kwenye mfumo akiwa mezani kwake kwa mara ya mwisho. Palikuwa na barua moja ambayo haikuwahi kutumika tangu chuo kijengwe: taarifa ya kuondolewa kwa faili. Ilikuwa imetengenezwa iende yenyewe kwa kila mtu aliyewahi kupokea faili, mara tu linapofutwa ghalani. Maneno yake yalikuwa mistari miwili mikavu. Aliyafuta. Akaandika upya, polepole, akafuta tena, akaandika. Kisha akaandika ukurasa mmoja wa maelezo, tarehe na saa na kila alichokibofya mwezi Machi, akatia saini, akauambatisha. Safari hii alikifungua kiambatisho. Alikisoma mpaka mwisho. Alikifungua tena na kukisoma.

Alipeleka nakala kwa Bwana Kyando kwa mkono. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Umewafikiria wale mia tatu?"

"Nimewafikiria, Mkuu. Sijalala kwa ajili yao."

"Na bado."

"Na bado."

Aliikunja karatasi mara mbili na kuiweka mfukoni, kana kwamba ni barua ya kwao. Hakuonekana amekasirika. Alionekana amechoka tu. "Basi funguo za ofisi mwachie mlinzi," alisema.

Ilikuwa saa tano na nusu alipofika kwa Mama Tusekile. Alimkuta barazani akimenya ndizi, beseni la maji kando yake. Subilaga hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia Machi mpaka Jumatatu, mpaka Jumatano kwenye ofisi ya Mkuu, mpaka Alhamisi.

Mama Tusekile aliacha kumenya.

"Jana nilikaa mbele yako nikakuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniambia wanachunguza."

"Ndiyo."

"Ukanipa na chai."

Kuku walipita kati yao, wakadonoa maganda. Mama Tusekile alichukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya, akaiweka ndani ya beseni kabla hajamaliza.

"Ningeweza kukufukuza," alisema.

"Nitaondoka ukisema."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na dakika thelathini na tano."

Aliosha mikono, akaikausha vizuri kwa upindo wa kanga, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani. Alirudi na glavu na simu, akaketi kwenye mkeka, akaivaa. Vidole vyake vilianza kwenda. Vilishika gurudumu ambalo halikuwepo, vikasubiri, vikakaza, vikazungusha kushoto kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Macho aliyafumba. Subilaga alisimama pale pale huku mvua nyepesi ikianza.

Dakika ya kumi Mama Tusekile aliivua ile glavu ghafla.

"Vaa," alisema. "Bado dakika mbili. Wewe hujawahi kumshika."

"Mama, hizo ni zako."

"Nimekwambia vaa."

Subilaga alipiga magoti mkekani, akaivaa. Ilikuwa na joto la mkono uliotoka. Kisha mkono wa mtu ukauchukua wake. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na wenye subira, mkono wa mtu mzima anayemfundisha mtu anayeogopa. Ulimwongoza kukaza mara ya mwisho, ukamwongoza kujaribu kama imefunga, ukajaribu tena. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini faili halikuwa limekwisha. Mkono ulikaa juu ya gurudumu kidogo, bila sababu yoyote ya kiufundi, kisha ukampigapiga mgongo wa kiganja, mara mbili, taratibu.

Alilia hapo, na Mama Tusekile alimwacha alie.

Saa sita kasoro dakika tano Subilaga alitoa simu yake. Mfumo uliuliza kama ana uhakika. Alimtazama Mama Tusekile, naye alikuwa amekwishaivaa glavu tena na kuuweka mkono pajani, kiganja juu.

"Fanya," alisema Mama Tusekile.

Akabofya. Hakukusikika kitu. Mama Tusekile aligusa simu yake kulifungua faili, akasubiri, akagusa tena. Vidole vilibaki vimetulia pajani. Aliviangalia kwa muda, kisha akaivua glavu, akaikunja, akaiweka juu ya mkeka mbali kidogo na yeye.

Simu yake ikalia. Barua mpya. Saa ile ile simu zilikuwa zikilia visimani, mabwenini, sokoni, na kwenye wodi ambako mtu mwingine angelazimika kumfungulia Atuganile.

"Ni yako?"

"Ni yangu."

"Miwani yangu iko ndani, na sina nguvu ya kuinuka. Nisomee."

Subilaga aliichukua ile simu. Alisoma salamu. Alisoma kwamba faili limeondolewa, na kwamba asilitumie mtu tena. Sauti yake ilikatika, akaanza upya. "'Mwalimu Andwele Mwakalobo hakukosea. Alifundisha valvu alizopewa kufundisha, na alizifundisha kwa usahihi. Kosa ni langu mimi niliyeliambatisha faili lake mahali ambapo si pake.'"

"Ngoja," alisema Mama Tusekile. "Rudia hapo."

"'Mwalimu Andwele Mwakalobo hakukosea.'"

"Na hiyo imekwenda kwa watu wangapi?"

"Elfu mbili na mia sita, Mama. Na muuza viazi ana mwanawe aliyesoma pale chuoni."

Mama Tusekile aliitikia kwa kichwa. Alivuta beseni karibu, akaipata ile ndizi aliyoiacha nusu, akamalizia kuimenya.

"Rudia tena," alisema.